Uzi: Kambi na boti ndogo katika Mto Ruvuma, kuanzia Daraja la Umoja kushuka hadi Kilambo. Naomba ushauri

#1 Kasia Kavu, Kigamboni

Wakuu, habari za jioni.

Sisi ni watu wanne, wote wakazi wa Kigamboni, na kwa miaka mitatu sasa tumekuwa tukitoka Jumamosi na boti yetu ya mbao kwenda kulala kisiwa cha Sinda. Bahari tumeizoea kiasi, lakini mto hatuujui. Mwaka huu tumepanga kuipakia boti kwenye pikapu, kupita Kibiti, Lindi na Masasi hadi Mtambaswala, kuishusha majini karibu na Daraja la Umoja, lile linalotuunganisha na Msumbiji, kisha kuteremka na Ruvuma kwa siku tano hadi Kilambo, ambako gari litakuwa linatusubiri.

Boti ina urefu wa mita 4.8, upana wa mita 1.1 chini, na tako lake ni bapa. Mashine ni ya HP 15. Tumechagua mwezi wa Oktoba kwa kuwa hakuna mvua, na tumepanga kulala juu ya mafungu ya mchanga yaliyo katikati ya mto, ambayo katika picha za setelaiti yanaonekana meupe, mapana na hayana mtu.

Ninaomba kujua kina cha maji kwa mwezi huo, vibali vinavyohitajika, na kama kuna aliyewahi kulala kwenye mafungu hayo. Naomba kuwasilisha.

#2 Fundi wa Kunduchi

Mkuu, kabla hujauliza kina cha mto, uliza kina cha boti yako. Nimetengeneza vyombo vya wavuvi kwa muda mrefu, na ninakuhakikishia kwamba wenye boti wengi wanajua urefu wa chombo chao mpaka inchi ya mwisho lakini hawajui kinazama kiasi gani kikipakiwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Tako la boti yako, ukitoa omo, yaani sehemu ya mbele iliyochongoka, linakalia maji kwa eneo la takriban mita 4.5 za mraba. Kila sentimita moja boti inapozama inasukuma lita 45 za maji, kwa hiyo kila kilo 45 unazoongeza zinaishusha sentimita moja. Watu wanne wa kilo 70, mashine, mafuta, maji ya kunywa, mahema na vyakula, pamoja na uzito wa mbao zenyewe, vitakufikisha kilo 600 bila wewe kujua. Hapo utakuwa umezama sentimita 13 kwa hesabu ya karatasi, na 17 au 18 kwa hali halisi, kwa sababu hakuna boti iliyo sanduku kamili. Propela nayo iko chini ya tako kwa karibu sentimita 30. Kwa hiyo unapotumia mashine unahitaji nusu mita ya maji, na unapotumia kasia au pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, unahitaji sentimita 20 tu. Hizo ni safari mbili tofauti kabisa.

Ruvuma imewahi kuwafundisha watu somo hili zamani. Mwaka 1861 David Livingstone aliingia mlangoni mwake na meli ya mvuke iliyoitwa Pioneer, iliyozama karibu futi 5. Ilikuwa mwezi Machi, wakati ambao wewe na mimi tungedhani mto umejaa, lakini baada ya kupanda kilomita zisizozidi 50 au hivi waliona maji yanapungua wakageuza, wakihofia kukwama humo mwaka mzima. Mwaka uliofuata alirudi mwezi Septemba, safari hii na mashua za makasia, akapanda zaidi ya kilomita 200 mpaka miamba ilipomzuia. Mto ni uleule na msimu wa pili ulikuwa mkavu zaidi. Kilichobadilika ni kina cha chombo.

Pimeni boti ikiwa imepakiwa, kisha rudini hapa.

#3 Kasia Kavu, Kigamboni

Ahsante sana, fundi. Nakiri kwamba hatujawahi kupima. Tutapakia Jumamosi ijayo pale Mjimwema na nitaleta majibu.

#4 Mwana wa Nanyumbu, kwa sasa Tabata

Kaka Kasia, mimi nimekulia ng'ambo ya huku ya mto huo, na mjomba wangu alikuwa mvushaji. Naomba niseme kwa urefu kidogo, kwa sababu mpango wako una mambo mawili ambayo yananitia wasiwasi.

La kwanza ni mwezi. Ruvuma inapata mvua msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo Oktoba ndipo mto unapokuwa umechoka kabisa: unaona mchanga kutoka ukingo hadi ukingo, na maji yamegawanyika katika mikono mitatu au minne inayoachana na kukutana, mmoja ukikufika kiunoni, mwingine kwenye kifundo cha mguu. Watu wanavuka kwa miguu wakiwa wamebeba baiskeli kichwani. Hata katika vita ya kwanza ya dunia, majeshi ya Wajerumani ya Lettow-Vorbeck yalipoukimbia upande wetu Novemba 1917 yaliuvuka mto huo kwa miguu kule Negomano, ng'ambo ya Mtambaswala. Ukienda Oktoba na mashine ya HP 15, utakuwa umebeba kilo 36 za chuma kwa ajili ya kuzitazama.

La pili ni vilindi. Kiangazi maji yanapokauka, kina hakiishi kabisa, bali kinabaki vipande vipande, hasa kwenye kona ambako mto unakula ukingo wa nje. Boti inapenda hapo. Kiboko naye anapenda hapo hapo, kwa kuwa mchana hana mahali pengine pa kujificha na jua. Mvua ikiwepo, viboko wametawanyika; kiangazi wamejaa katika kilindi kimoja kama abiria wa daladala ya Mbagala saa 12 jioni. Kwa hiyo yule anayesema "tufuate maji marefu ili tusikwame" anaelekea moja kwa moja kwa wenye nyumba.

Mjomba alikuwa na pondo la mti mgumu, refu kuliko mtu na nusu, nalo alilikata alama tatu kwa kisu: ya chini ilikuwa kifundo, ya kati goti, ya juu kiuno. Alisimama tezini, nyuma ya mtumbwi, akalitumbukiza, akasoma alama bila kuangalia chini, kwa kiganja tu. Alipokaribia kona aliacha kusukuma, akagonga ubavu wa mtumbwi kwa pondo, ko, ko, ko, halafu akakaa kimya. Tulikuwa tunasubiri kuona masikio. Kiboko akisikia mlio huo huibuka kutazama, na ukishajua alipo unapita upande wa maji mafupi, hata kama ni kwa kushuka na kuburuza. Hatari ni yule ambaye hakuibuka. Ninyi mkipita na mashine inayonguruma hamtasikia wala kuona, na yeye atakuwa chini yenu.

Kuhusu kulala katikati ya mto juu ya fungu, sitakushauri. Mamba hutaga mayai kwenye michanga hiyo mwishoni mwa kiangazi, na jike analinda. Halafu mvua za kwanza zikinyesha juu kule Songea na Tunduru, au upande wa Mto Lugenda ng'ambo, maji hushuka usiku huku kwenu kukiwa na nyota. Lala ukingoni, juu, mbali na njia za viboko. Njia zao utazijua: ni mitaro miwili sambamba yenye nyasi katikati, kama njia ya gari.

Ningekuwa wewe ningekwenda Juni au Julai. Mvua imekwisha, mto umetulia, na bado kuna maji ya magoti mpaka kiunoni mahali pengi.

#5 Mpenda Picha, Sinza

Je, boti za kupuliza hazifai? Nasikia zinazama kidogo sana.

#6 Fundi wa Kunduchi

Ni kweli zinazama kidogo, lakini kuna visiki. Mti ulioanguka mwaka jana unabaki umelala chini ya maji ukiwa na matawi yaliyochongoka, na mpira hauna cha kubishana nao. Kaa kwenye mbao.

#7 Mzee wa Mpakani, Temeke

Vijana, nimeusoma uzi wote na nimesubiri mtu agusie jambo la mpaka, hakuna aliyeligusa isipokuwa kwa kupita.

Nimefanya kazi za mipakani kabla ya kustaafu. Mto wa mpaka si kama ukuta wenye upande wa huku na upande wa huko. Mpaka umo ndani ya maji, na maji hayo hayakai mahali pamoja. Fungu ambalo mwaka huu umelifikia kwa kuvuka maji ya kifundo kutoka upande wetu, mwakani mkono mkubwa wa mto unaweza kuwa umepita nyuma yake. Nani ana haki ya kulala juu yake si jambo la kuamuliwa na mtu mwenye hema na picha ya setelaiti. Wanakijiji wa pande zote mbili wanavuka kwenda mashambani, harusini na misibani, na wanajuana kwa majina. Wewe hujulikani na yeyote. Doria ikikukuta umewasha moto katikati ya mto saa 3 usiku, ukiwa na mashine na madumu ya mafuta, maelezo ya kwamba ulikuja kupumzika yatachukua muda mrefu kueleweka, na sitawalaumu.

Jambo la pili nalisema bila kuzunguka. Mkoa wa Cabo Delgado, ambao ndio ulio ng'ambo ya sehemu kubwa ya njia uliyoichora, umekuwa na mapigano tangu Oktoba 2017. Oktoba 2020 wavamizi walivuka mto na kushambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, wakaua watu. Mji wa Palma, ambao hauko mbali na mlango wa mto, ulishambuliwa Machi 2021. Kwa hiyo safari ya kutoka daraja mpaka Kilambo, ambayo hata kwa mstari ulionyooka inapita kilomita 200, si safari ya kwenda kimyakimya. Nenda na barua ya utambulisho ya serikali yako ya mtaa, iandikie ofisi ya Mkuu wa Wilaya unakotaka kufikia, eleza idadi ya watu, chombo, tarehe na mahali pa kulala kila usiku, kisha ukifika ripoti polisi na kwa mtendaji wa kijiji. Ukijibiwa hapana, hapana hiyo ni jibu.

Pia fahamu kwamba si kila ukingo ni wa kijiji. Magharibi ya Mtambaswala kuna Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule, ambalo liko chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na linapakana na mto. Kule mlangoni, eneo lote la Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Kote huko huwezi kusimika hema bila kibali na malipo.

#8 Kasia Kavu, Kigamboni

Shikamoo mzee. Nashukuru kwa ukweli huo. Lakini niruhusu niulize: kama mambo yako hivyo, kwa nini tusiache kabisa?

#9 Mzee wa Mpakani, Temeke

Marahaba, mwanangu. Sikusema uache. Nimesema punguza urefu na ujulikane. Mtu anayekaa siku tatu kati ya vijiji viwili, akiwa na mwenyeji, ni mgeni. Anayepita vijiji thelathini bila kusimama ni kitu kingine, na kila kijiji kitampa jina lake.

#10 Mpenda Picha, Sinza

Na droni?

#11 Mzee wa Mpakani, Temeke

Iache Sinza.

#12 Muuguzi wa Mbagala

Nitasema kwa ufupi kwa kuwa mengi yamekwisha semwa. Mtakuwa mkishuka majini mara kwa mara kusukuma boti, na kichocho kinaingia kupitia ngozi pale maji yanapotulia na kuna konokono, si kwa kunywa. Sukumeni kwenye mkondo unaotembea, jifuteni haraka, na mkirudi pimeni baada ya wiki sita au zaidi, kwa sababu kipimo cha mapema kinaweza kutoona kitu. Maji ya kunywa yachemsheni, hata kama yanaonekana safi kama ya chupa. Chandarua ni cha kila mtu, si cha hema. Na aliye na dawa anazotumia kila siku azigawe katika mifuko miwili, ili boti ikipinduka asipoteze zote.

#13 Mvuvi wa Msasani

Mimi nina jambo moja ambalo lilitutesa sisi wenyewe tulipokwenda kule chini, karibu na mlango wa mto, miaka kadhaa iliyopita. Tulikuwa tumesoma jedwali la maji tukajua kwamba bamvua, yaani maji makuu, ingejaa saa 10 jioni, na tulipanga kuvuka kizingiti cha mchanga nusu saa kabla. Kijana wetu aliweka kengele kwenye simu. Ilipolia tukatoka, tukakuta maji yanarudi. Boti ilikaa juu ya tope, ikalala ubavu, nasi tukakaa na mbu wa mikokoni mpaka maji ya alfajiri.

Simu haikuwa mbovu. Ilikuwa imeshika mnara wa Msumbiji, na Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja. Saa ya simu ilijirudisha yenyewe bila kutuambia. Kwenye bamvua ya huko, ambako maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, saa moja ni tofauti ya kuelea na kulala ubavu. Zimeni mpangilio wa saa wa kujibadilisha, na vaeni saa ya mkononi ya kawaida, ile ya elfu kumi ya Kariakoo, ambayo haina habari na minara.

Pia msitegemee kwenda na maji mchana kutwa. Asubuhi mto umelala. Ikifika saa 5 upepo unaanza kutoka baharini na kupanda bondeni, na boti nyepesi yenye tako bapa inazunguka kama pia. Ondokeni saa 12 asubuhi, simamisheni saa 5, pikeni, laleni.

#14 Kasia Kavu, Kigamboni

Wakuu, nimerudi na majibu, na nawaomba radhi kwa kuchelewa.

Jumamosi tuliishusha boti Mjimwema wakati wa maji mafu, mahali ambapo hakuna wimbi. Tuliipakia kila kitu tulichokuwa tumekusudia kwenda nacho, tukaingia wote wanne, na kijana wa pwani akachora mstari wa mkaa ubavuni, mahali maji yalipofika. Tuliitoa tukapima kwa futi ya fundi: sentimita 20. Fundi wa Kunduchi, ulikisia 18, na tofauti hiyo nitaieleza kwa aibu. Tulikuwa na deli lililojaa barafu na soda, jenereta ndogo, gunia la mkaa na viti vinne vya plastiki. Tulipoviteremsha vyote na kuvipima kwenye mizani ya muuza samaki, vilifika kilo 92. Tukaingia tena, tukachora mstari wa pili: sentimita 18. Kisha tukashuka wote wanne, kama vile tunasukuma, na boti ikapanda mpaka 11.

Kilichonishangaza ni jinsi uzito unavyofuata mtu mmoja. Mwenzetu mnene kuliko wote alipohama kutoka tezini kwenda katikati, tezi iliinuka kwa zaidi ya sentimita 3 bila kutoa hata kilo moja. Kwa hiyo huyo ndiye atakayekaa katikati, naye ameshakubali baada ya mjadala.

Baada ya kusoma ushauri wenu tumeandika mpango upya, nao ni huu. Hatutateremka hadi Kilambo. Tutafikia kijiji kimoja cha wilaya ya Nanyumbu, chini kidogo ya daraja, na kila usiku tutalala ukingoni katika eneo tutakaloonyeshwa na kijiji, si katikati ya mto. Mchana tutatembea kipande kisichozidi kilomita 25 kwa kwenda na kurudi, tukimfuata mtu wa mtumbwi wa hapo hapo, ambaye Mwana wa Nanyumbu ameahidi kututafutia na ambaye atalipwa kwa siku. Mwezi ni Julai. Mashine tunaiacha nyumbani, jambo ambalo limetupunguzia pia lita 40 za petroli na maswali ya doria. Tutakwenda na makasia manne na mapondo mawili.

Nina swali moja tu lililobaki: mapondo ninunue huku au kule?

#15 Mwana wa Nanyumbu, kwa sasa Tabata

Kule. Ya Dar ni mianzi, inapasuka ikibanwa na jiwe na kuacha ncha kama mkuki. Ukifika, mwenyeji atakukatia la kimo chako. Alama utazikata mwenyewe baada ya kuingia majini, kwa sababu goti lako si goti la mjomba wangu.

Pia kuhusu kurudi: kumbuka kwamba kilomita 12 za kupanda mto kwa pondo zinachukua muda mara mbili ya zile za kushuka. Anzeni kwa kupanda asubuhi mkiwa na nguvu, mrudi na maji mkiwa mmechoka.

#16 Fundi wa Kunduchi

Hilo la kupanda kwanza ni la dhahabu. Na funga mbao mbili za mninga chini ya tako, za urefu wote wa boti, unene wa inchi moja. Mchanga wa mto unakula rangi kwa siku moja na mbao kwa wiki. Mbao hizo ndizo zitakazolika.

#17 Kasia Kavu, Kigamboni

Mbao zimeshafungwa. Barua ya utambulisho imepigwa mhuri Jumanne na serikali ya mtaa, na barua kwa Mkuu wa Wilaya imekwenda pamoja na nakala za vitambulisho vya NIDA vya wote wanne na picha ya boti. Likija jibu la hapana, tutaipeleka boti hiyo hiyo Bagamoyo, kwenye mlango wa Mto Ruvu, ambako hakuna mpaka ila viboko wapo.

Mwenzetu mmoja amepata udhuru wa kazi, kwa hiyo nafasi moja iko wazi. Anayetaka aniandikie. Mzigo wake binafsi usizidi kilo 12, na nitaupima mwenyewe siku ya kuondoka kwa mizani ileile ya muuza samaki.